Ugonjwa usiongoja asubuhi: kipoyi na kisu katika historia yetu

Desturi nyingi zimekwisha kuandikwa katika kurasa kama hizi: mahari, tohara, kusimikwa kwa mwami, masimulizi ya Mwindo ambayo ndugu zetu Wanyanga wanayatunza. Ugonjwa unaandikwa kwa nadra, na ukiandikwa tunapewa orodha ya majani na mizizi, hili la tumbo, ule wa homa. Safari hii tumechagua ugonjwa ambao jani haliuwezi. Mama ambaye mtoto amekwama njiani. Ngiri iliyotoka na kukataa kurudi ndani. Tumbo lililokuwa gumu kama ubao. Mtu aliyeanguka mtini na mfupa ukatoboa ngozi. Hapo kinachohitajika ni kisu, na kinahitajika leo, si kesho. Je, watu wa Hombo walifanya nini kabla kisu hakijafika, na wanafanya nini sasa wakati kisu kiko, lakini kiko mbali?

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, Hombo ni mto, na ni kituo kilichozaliwa kando ya daraja la mto huo. Ng'ambo moja ni Walikale, katika Kivu ya Kaskazini. Ng'ambo nyingine ni Bunyakiri, wilaya ya Kalehe, katika Kivu ya Kusini. Barabara inatoka Bukavu, inapita Miti, inaingia msitu wa Kahuzi-Biega, inashuka Bunyakiri, inavuka kwetu, halafu inaendelea kupitia vijiji kama Chambucha, Musenge na Itebero mpaka Walikale na mbele yake Kisangani. Kutoka milima ya Ufamandu, upande wa Masisi, watu wanatushukia kwa miguu. Watembo, Wanyanga, Wahunde, Warega, wote tuko pale, na wote tumebebana.

Tulipoanza kuzungumzia makala hii barazani, tulitofautiana. Wazee fulani walitaka tuandike kwamba mababu walijua yote, hata kupasua. Wale kati yetu waliosoma uuguzi, A2 na A3, walicheka kidogo, wakasema wao wameyaona matumbo yaliyocheleweshwa na dawa za nyumbani. Tumeona heri tuanze na jambo lililoandikwa, ambalo pande zote mbili haziwezi kulikana.

Mwaka 1879 Mwingereza mmoja kijana, Robert Felkin, aliyekuwa amesomea udaktari na kutumwa na wamisionari wa Kianglikana, alikuwa Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, ambao leo uko Uganda. Aliona mama wa miaka kama 20, uzazi wake wa kwanza, akipasuliwa tumbo ili mtoto atoke. Hakuna Mzungu aliyeshika kisu siku ile. Mama alilazwa juu ya kitanda kilichoinama, akanyweshwa mvinyo wa ndizi, dada yake kasiksi yetu, mpaka akalewa nusu. Mwenye kupasua alinawa mikono kwa mvinyo huohuo, akaosha na tumbo la mama, ndipo akaosha tena kwa maji. Wasaidizi wakashika, mmoja miguuni, mwingine tumboni. Akakata katikati, kutoka chini ya kitovu hadi karibu na mfupa wa nyonga. Mishipa iliyotoa damu iliguswa kwa chuma chenye moto. Mtoto alipotolewa, yule mtu aliacha kisu, akashika mfuko wa uzazi kwa mikono miwili akaukamua ili ujikaze, akatoa na kondo la nyuma. Halafu mama akageuzwa ili maji na damu vilivyobaki tumboni vimwagike. Kidonda kikafungwa kwa sindano saba nyembamba za chuma na uzi wa gome la mti, kikapakwa mizizi iliyotafunwa, kikafunikwa kwa jani la mgomba lililopashwa moto. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimefunga. Mama na mtoto walikuwa wazima. Felkin alisoma habari hiyo mbele ya madaktari wa Edinburgh mwaka 1884, ikachapwa katika gazeti lao la kiganga.

Tusipite hapa haraka. Wakati ule Joseph Lister alikuwa ameandika juu ya dawa ya kuua vijidudu mwaka 1867 tu, na waganga wengi wa Ulaya walikuwa bado wanabishana kama ni kweli. Kule Ulaya mama aliyepasuliwa namna hiyo alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufa kuliko ya kupona. Mtu wa Kahura hakuwa na habari ya vijidudu, lakini alinawa kwa pombe. Hakushona mfuko wa uzazi, ni kweli. Mshono wake ulielezwa vizuri na Mjerumani Max Sänger mwaka 1882 tu. Lakini aliukamua kwa mikono, na munganga yeyote wa leo atakuambia kwamba mama wengi wanakufa kwa damu kwa sababu mfuko haukujikaza. Mpangilio ule, nani ashike wapi, nini kitangulie, si wa mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza.

Basi je, tujivune? Tujivune kwa kiasi. Bunyoro si Hombo. Ufalme ule ulikuwa na mabingwa wake. Sisi wa msituni urithi wetu ni mwingine. Tuko na watu wa kuunga mifupa, wanaovuta mguu na kuufunga kwa vijiti, na kazi yao kwa mfupa usiotoboa ngozi mara nyingi ni nzuri. Tuko na wenye kuumika kwa pembe na kuchanja chale. Tuko na wangariba, ambao walibidi kujua kuzuia damu, maana tohara inayovuja usiku kucha ni kifo. Lakini kufungua tumbo, hapana. Tumbo kwetu lilikuwa la kusomwa kwa nje.

Na kulisoma, wazee walijua. Mama wakunga hawakuwa na saa, lakini walihesabu jua. Walijua kupapasa na kusema mtoto amelala kwa ubavu. Walijua kwamba mtu anayetapika majani mabichi, hajambi wala haendi choo, huyo si wa minyoo. Walijua kwamba ngiri inayorudi mtu akilala ni ya kuchukuliana nayo, na ile iliyokaza na kuuma ni nyingine kabisa. Muuguzi wa leo, akiwa peke yake katika kituo cha afya bila radio ya kupiga picha wala maabara ya maana, anatumia macho na vidole vilevile.

Kosa halikuwa machoni. Kosa lilianza pale watu walipoketi kuuliza *nani*. Tumbo likivimba ghafla, neno la kwanza linalotamkwa kwetu ni sumu, au karuho. "Bamemupa kitu mu pombe." Hapo ugonjwa unaacha kuwa wa mgonjwa, unakuwa kesi ya ukoo. Anaitwa mtu wa kutapisha. Anatafutwa mwenye kutia dawa kwa nyuma kwa mpira. Sasa fikiria tumbo ambalo utumbo wake umetoboka, kwa homa ya matumbo kwa mfano, ile tifoide inayotusumbua sana, halafu unausukumia maji na majani kwa nguvu. Au mama ambaye mtoto amekwama kwa sababu nyonga ni nyembamba, ananyweshwa majani ya kuongeza uchungu. Majani yale yana nguvu kweli, hatuyadharau. Ndiyo sababu yanaua: mfuko unasukuma, mlango haupanuki, mwisho mfuko unapasuka.

Kuna jambo moja ambalo tungetaka kila nyumba ilijue, kwa sababu linadanganya hata waliosoma. Maumivu yakikatika ghafla si lazima iwe nafuu. Apendisite ikipasuka, mgonjwa anaweza kupumua kidogo, anaomba maji, jamaa wanasema "mumwache apumuzike, Mungu amesikia." Usiku homa inapanda, tumbo zima linakuwa gumu, usaha umeshaenea. Vivyo hivyo uchungu wa mama ukizimika bila mtoto kutoka. Tumesikia ikisemwa kwamba mtoto amelala. Mtoto hajalala, mfuko unaweza kuwa umepasuka.

Sasa tuje kwenye kipoyi. Hiki ndicho tunachokiona kuwa mchango wetu wa kweli, ingawa hakina sifa katika ngoma zetu. Kina historia ya ajabu kidogo. Wakati wa Wabelgiji kipoyi kilikuwa kiti cha mzungu: afisa anakaa, watu weusi wanabeba, kilomita kwa kilomita. Wazee wetu walikibeba kwa uchungu. Lakini mafundi walewale wa mabega wamejua tangu zamani kubeba mgonjwa kwa mkeka au blanketi na mianzi miwili, na hospitali zilipoanza kuonekana kwenye miinuko ya Kivu, kipoyi kikageuka mali ya mgonjwa. Ile ya Katana, iliyoanzishwa na wakfu wa kiganga wa Chuo Kikuu cha Louvain unaojulikana kama FOMULAC, ilikuwa na jina mbali sana. Mtu akisema "tumupeleke Katana," kila mmoja alielewa kwamba hali ni mbaya.

Majirani wa mashariki walikipanga jambo hili vizuri kuliko sisi, tukubali. Huko Kigezi na Ankole, Uganda, kuna vyama vya engozi, yaani vya machela. Kila nyumba ya kijiji ni mwanachama. Mgonjwa akizidiwa, mbiu inapigwa, wanaume wanakuja, wanapokezana mlimani. Asiyekuja analipa faini, na siku yake ikifika anaweza kubaki peke yake. Rwanda nayo ina ingobyi, machela ileile ambayo ilimbeba bibi harusi na ikambeba mgonjwa. Kwetu Hombo mambo yalikwenda kwa undugu na kwa kanisa, bila daftari. Ukiwa na shemeji wengi unafika. Ukiwa mgeni, mjane, au mtu aliyeshukiwa uchawi, unangoja.

Mmoja wetu alikuwa miongoni mwa wabebaji katika miaka ya 1980, akiwa bado kijana. Mgonjwa alikuwa baba mmoja jirani, ngiri yake imekaza tangu alasiri. Usiku wote ukaisha kwa mkutano wa ukoo, maana alikuwa amekunywa kasiksi kwa mtu waliyekosana naye shamba. Kesho yake tena mpaka saa nane, akatafutwa wa kutapisha. Tulipokuja kumwinua alikuwa ameanza kunuka mdomoni. Watu wanane, wanne mabegani na wanne wa kupokea, mvua inanyesha, na kila tukiteleza analia, "Wanangu, muniweke chini nife." Wakubwa wanamjibu, "Baba, vumilia, tumefika," nasi tunajua hatujafika. Munganga alipomfungua alikuta kipande cha utumbo kimekuwa cheusi. Alikikata, akaunga. Kidonda kikatunga usaha, kikafunguka, kikashonwa tena. Baba yule aliishi, lakini alikaa hospitalini zaidi ya miezi miwili, na mbuzi wa nyumba yake wakaisha. Munganga alituambia neno ambalo sisi vijana hatukulipenda: kama mngekuja jana usiku, ningemrudisha kwenu baada ya juma moja. Ngiri iliyonyongwa hupimwa kwa saa, si kwa siku.

Tunasema munganga, lakini tukumbuke alitoka wapi. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, nchi hii kubwa haikuwa na daktari Mkongomani hata mmoja. Kulikuwa na wasaidizi wa kiganga waliofundishwa na wakoloni kufanya kazi nyingi za daktari bila jina lake. Madaktari wa kigeni wengi walipokimbia, Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, liliwapeleka makumi ya wasaidizi hao Ufaransa wakamalizie masomo, wakarudi madaktari. Katika miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika zone za afya, zaidi ya 300, kila moja na hospitali yake kuu ya rufaa. Kwenye karatasi ilikuwa mpango mzuri, na hata leo hatujaona bora. Ni mpango uliotaka kisu kiwe karibu na kijiji.

Hospitali ya Lemera, kusini ya Bukavu, ndiko Denis Mukwege alikoanzia kazi. Alikuwa na nia ya kutibu watoto, lakini aliwaona wamama wanaletwa wakivuja damu, au wamebebwa siku nyingi na mtoto amekufia ndani, akabadili njia, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ile ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha Panzi, Bukavu, na wazo la kwanza lilikuwa nyumba ya kuzalisha. Kazi iliyomletea tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, ile ya kuwatibu waliobakwa vitani, ulimwengu unaijua. Lakini wasomaji wetu wajue pia kwamba mama anaweza kupata fistula bila askari kumgusa. Kichwa cha mtoto kikikaa siku mbili tatu kwenye nyonga, nyama iliyobanwa kati ya kibofu na njia ya uzazi inakufa, panabaki tundu, na mkojo unatiririka bila kukoma. Mume anahama chumba, kisha anahama nyumba. Mama huyu analipia kwa maisha yake yote saa zile ambazo wanaume walikuwa wanabishana nani amepewa mahari na nani hajapewa, na kwa hiyo nani ana haki ya kutoa ruhusa.

Mwaka 1994 wanawake wawili watafiti, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya vifo vya wazazi wakavigawa kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa mtu akishafika. Tulipousoma mgawanyo huo tuliona kama walikuwa wamekaa nasi barazani. Ule wa pili, wa njia, kipoyi kilikuwa jibu letu. Ule wa tatu si wa desturi, ni wa serikali na wa fedha. Tumeona mgonjwa anafika na kuulizwa caution kabla ya kuulizwa jina, na mama aliyepasuliwa anabaki wiki nyingi wodini si kwa ugonjwa bali kwa deni. Hatutaji mahali, maana si pamoja. Ule wa kwanza ndio wetu kabisa, na hakuna mzungu wala waziri wa kumlaumu.

Vita vimeongeza wa nne. Tangu soko la Ntoto, Machi 1993, halafu 1996 wakimbizi walipopita daraja letu kuelekea Walikale na Tingi-Tingi, halafu 1998, mpaka 2025 Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23, barabara yetu imefungwa na kufunguliwa mara nyingi. Risasi haingoji, na haina wa kutapisha. Hapo ndipo wazee wetu walipoacha ubishi wa sumu: tundu linaonekana, damu inaonekana, kipoyi kinainuliwa palepale. Jambo la kusikitisha, ukitazama, kwamba mtu wa risasi aliondoka haraka kuliko mama wa uchungu.

Mwaka 2015 tume ya upasuaji ya gazeti la kiganga The Lancet ilitangaza kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wanapouhitaji, ikataja kazi tatu ambazo kila hospitali ya wilaya iweze kuzifanya: kumpasua mama ili kuzaa, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliotoboa ngozi. Ikasema pia mtu awe na uwezo wa kuzifikia ndani ya saa mbili. Saa mbili! Kutoka Ufamandu kwa miguu, saa mbili bado unateremka mlima wa kwanza.

Siku hizi tuko na moto. Mgonjwa anakalishwa katikati, dereva mbele, jamaa nyuma anamkumbatia. Kwa mtu wa homa inafaa. Kwa mama anayevuja damu au mtu mwenye tumbo gumu, kukaa wima juu ya mashimo yale ni mateso na hatari, basi kipoyi hakijafa: kinambeba mpaka barabarani, na mara nyingine mpaka ng'ambo ya mahali barabara ilipokatika, ambapo moto mwingine unangoja. Katika mtaa wetu mmoja mianzi miwili na turubai vinatunzwa nyuma ya kanisa, na zamu za wabebaji zimeandikwa kwenye daftari la shule, majina 24, pamoja na watatu wasio na ukoo wowote pale. Kilichobishaniwa zaidi hakikuwa zamu. Kilikuwa mstari mmoja ambao mama wakunga walidai uandikwe juu kabisa ya ukurasa wa kwanza: kwamba mkunga akisema mama aondoke, kipoyi kinainuliwa, hata mume akiwa shambani na wakwe hawajafika. Wazee wawili walikataa kutia sahihi. Daftari linatumika hivyohivyo.